Uumbaji na mageuko duniani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Baiolojia sekondari hapa Dar es Salaam, na jioni nina darasa la tuisheni Temeke. Kila mwaka kidato cha nne wakifika mada ya mageuko, yaani nadharia ya Charles Darwin kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi mpaka aina mpya zikatokea, maswali yanamiminika: ya wanafunzi, ya wazazi wao, mengine ya majirani waliosikia juu juu. Siku hizi mengi yanahusu nchi za watu. Kuna aliyeona video ya safina ya Nuhu huko Marekani, kuna aliyesikia kwamba Uturuki wamemfuta Darwin shuleni, kuna anayetaka tu kujua Wazungu wanaamini nini hasa. Majibu ninayotoa ni haya. Swali linalohitaji maelezo nimelieleza, lisilohitaji nimelikatia hapo hapo.

Imani ya uumbaji ni ipi hasa? Si kila mwenye dini anaamini Mungu ndiye aliyeumba?

Anaamini. Ila katika ugomvi huu, watu wakitaja waumini wa uumbaji wanawakusudia wale wanaosema Mungu aliumba kila aina ya kiumbe moja kwa moja, na kwa hiyo nadharia ya mageuko ni uongo. Hata hao hawafanani. Wapo wanaoipa dunia umri wa miaka elfu sita hadi elfu kumi, na kwao gharika ya Nuhu ndiyo iliyopanga miamba tunayoiona leo. Wapo wanaokubali kuwa dunia ni kongwe mno lakini hawakubali kiumbe wa aina moja kuzaa ukoo wa aina nyingine. Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, wanazisoma siku za Mwanzo kama vipindi virefu, na mageuko bado wanayakataa.

Halafu kuna kundi kubwa ambalo halimo kwenye ugomvi kabisa: wanaosema Mungu kaumba, na mageuko ndiyo njia aliyoitumia. Ukisoma habari za nchi yoyote, angalia kwanza wanazungumzia kundi lipi. Mabishano mengi ya kijiweni yanatokana na kuyachanganya haya matatu.

Hesabu ya miaka elfu sita imetoka wapi? Biblia mbona haina tarehe?

Imetoka kwa James Ussher, askofu mkuu wa Kianglikana huko Ireland. Mwaka 1650 alijumlisha umri wa mababu na miaka ya wafalme wa kwenye Agano la Kale, akapata kwamba uumbaji ulifanyika mwaka 4004 KK. Baadaye wachapaji wa Biblia za Kiingereza wakaiweka tarehe hiyo pembeni mwa ukurasa, na watu wakazoea kuisoma kama vile nayo ni andiko.

Kinachowashangaza wanafunzi wangu ni kwamba Darwin alipochapisha kitabu chake mwaka 1859, wanajiolojia wengi waliokuwa Wakristo safi walishaiacha hesabu hiyo zamani. Aliyeirudishia nguvu ni George McCready Price, Msabato wa Kanada aliyejisomea jiolojia mwenyewe, katika kitabu cha mwaka 1923. Mwaka 1961 wakafuata Wamarekani wawili, John Whitcomb aliyekuwa mwanateolojia na Henry Morris aliyekuwa mhandisi wa mambo ya maji, nao wakaandika kitabu kuhusu gharika kilichosambaa kwa Waprotestanti wa kila dhehebu. Kwa sura yake ya leo, basi, imani ya dunia changa ni ya karne ya 20. Ni changa kuliko reli yetu ya kati.

Kwa nini Wamarekani wanapelekana mahakamani kwa jambo hili?

Kwa sababu kule hakuna Taasisi ya Elimu moja inayopanga mtaala wa nchi nzima. Kuna wilaya za shule zinazokaribia 13,000, nyingi zikiwa na bodi inayochaguliwa kwa kura. Mzazi anaweza kugombea ujumbe wa bodi, akashinda, na mwezi unaofuata akapiga kura juu ya kitabu cha Baiolojia. Wakati huo huo Katiba yao inaikataza serikali kusimika dini yoyote. Ukiweka vitu hivyo viwili pamoja, kesi haziishi.

Ya kwanza kuvuma ni ya mwaka 1925, mji wa Dayton, jimbo la Tennessee. Jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kukataza kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama. Shirika la kutetea haki za raia likatangaza kwamba litamgharamia mwalimu yeyote atakayekubali kushtakiwa. Wakubwa wa Dayton, wakitaka mji wao ujulikane, wakakaa kwenye duka la dawa na kumwomba kijana John Scopes ajitolee. Watu wengi hawajui kwamba kesi ile ilipangwa, tena kwa sababu za kibiashara. Ilirushwa redioni, mji ukajaa wageni, Scopes akapatikana na hatia na kutozwa dola 100. Hukumu ilitenguliwa mwaka 1927 kwa kasoro ya kiufundi. Sheria yenyewe ilibaki hadi 1967.

Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ikasema jimbo haliwezi kukataza mageuko kwa sababu za kidini. Waumini wa uumbaji wakabadili mbinu: kama hayakatazwi, basi uumbaji nao ufundishwe sambamba kama sayansi. Mwaka 1987, katika kesi iliyotoka Louisiana, majaji saba kwa wawili wakasema hiyo nayo ni dini. Mbinu ikabadilika tena. Sasa hawakumtaja Mungu. Walisema tu kwamba viumbe ni tata mno, kwa hiyo lazima kuna msanifu mwenye akili.

Mbinu hiyo ilifika mwisho wake Dover, Pennsylvania, mwaka 2005, na hapa nakaa kidogo maana ndipo penye utamu. Bodi ya shule iliamuru wanafunzi wasomewe tamko linaloyatilia shaka mageuko na kuwaelekeza kwenye kitabu kimoja cha msanifu. Wazazi kumi na mmoja wakashtaki. Mawakili wao wakapata rasimu za zamani za kitabu hicho, wakazipanga kwa miaka. Rasimu za kabla ya hukumu ya 1987 zilikuwa na neno "waumini wa uumbaji" kila mahali. Za baada ya hukumu zilikuwa na "watetezi wa usanifu" mahali pale pale, sentensi ile ile. Na mahali pamoja mhariri alipokuwa anabandika neno jipya juu ya la zamani hakulifuta lote: herufi za mwanzo na za mwisho za neno la kale zikabaki zimelikumbatia jipya, mbele ya jaji. Jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, mtu wa chama cha Republican, aliandika hukumu ndefu akisema usanifu huo si sayansi. Wajumbe waliotetea kiti chao walikuwa wameshapigwa chini kwenye uchaguzi wa Novemba, na wilaya ikabaki na deni la gharama za kesi la takriban dola milioni moja.

Wamarekani wangapi wanaamini hivyo?

Kwa kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 2024, asilimia 37 walisema Mungu aliumba binadamu kama alivyo ndani ya miaka 10,000 iliyopita. Asilimia 34 walisema binadamu amegeuka kwa mamilioni ya miaka na Mungu akiongoza, na 24 walisema Mungu hakuhusika. Mwaka 1982, walipoanza kuuliza, kundi la kwanza lilikuwa asilimia 44. Kwa hiyo mtu akikuambia "Wamarekani hawaamini Mungu" au "Wamarekani wote ni walokole", mpe namba hizo.

Ile safina ya Nuhu kwenye video ni ya kweli?

Jengo ni la kweli. Liko Williamstown, jimbo la Kentucky, lina urefu wa takriban mita 155, lilifunguliwa mwaka 2016 na ni sehemu ya utalii yenye kiingilio. Waliolijenga wanaongozwa na Ken Ham, Mwaustralia aliyewahi kuwa mwalimu wa sayansi. Humo ndani kuna vizimba vyenye sanamu za dinosaria, maana wao wanasema dinosaria nao walipanda.

Wanyama wote wa dunia hawaenei mle, hata wao wanajua. Kwa hiyo wanasema Nuhu alichukua "aina" zipatazo 1,400 tu, na baada ya gharika kila aina ikazaa spishi nyingi. Piga hesabu: hiyo inatudai tuamini kwamba maelfu kwa maelfu ya spishi yametokea ndani ya miaka kama 4,300. Darwin mwenyewe hakuthubutu kasi hiyo. Furu, samaki wa Ziwa Victoria ambao wanabaiolojia duniani kote wanawataja kama mfano wa mageuko ya haraka kupita kawaida, walipata spishi mia tano hivi katika miaka kama elfu kumi na tano. Kwenye ubishi wa mageuko na safina, anayehitaji mageuko ya mbio zaidi ni wa safina.

Ulaya nao wanabishana?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Katika utafiti wa nchi 34 uliochapishwa mwaka 2006, Iceland, Denmark, Sweden na Ufaransa zilikuwa juu, watu wazima wapatao wanane kati ya kumi wakiyakubali mageuko. Marekani ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Ya mwisho ilikuwa Uturuki.

Lakini wanasiasa hujaribu. Mwaka 2004 waziri wa elimu wa Serbia, Ljiljana Čolić, aliagiza Darwin asifundishwe mwaka ule. Kelele zilivyozidi agizo likafutwa na yeye akajiuzulu, yote ndani ya mwezi huo huo wa Septemba. Mwaka 2006 naibu waziri wa elimu wa Poland aliyaita mageuko uongo hadharani. Oktoba 2007 Bunge la Baraza la Ulaya likapitisha azimio la kuonya juu ya hatari ya kufundisha uumbaji kama sayansi. Uingereza, nchi ya Darwin, ambako amezikwa ndani ya Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa taifa, shule zinazopewa fedha na serikali haziruhusiwi kuufundisha uumbaji kama sayansi. Kwenye kipindi cha dini unafundishwa bila tatizo.

Na Vatikani?

Papa Pius XII aliruhusu utafiti wa mageuko ya mwili wa binadamu mwaka 1950, akisisitiza kwamba roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Fransisko akarudia msimamo kama huo mwaka 2014. Ukisikia Mkatoliki wa Msimbazi anasema kanisa lake linakataza mageuko, kamwulize paroko.

Waislamu wanasemaje? Ni kweli Uturuki wamemfuta Darwin?

Tuanze na la msingi. Ubishi wa miaka elfu sita hauna mizizi katika Uislamu. Qur'ani haitoi umri wa dunia, na Sura ya Al-Hajj inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu katika hesabu yenu. Shehe anayesoma jiolojia hana cha kugombana nacho. Shida inakuja kwa Adam aliyeumbwa kwa udongo, ndiyo maana utawakuta Waislamu wengi wanaokubali mageuko ya mimea na wanyama lakini binadamu wanamtoa.

Nchi zenyewe zinatofautiana sana. Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipochapisha matokeo yao mwaka 2013, Waislamu waliokubali kwamba binadamu na viumbe wengine wamegeuka kwa muda walikuwa karibu asilimia 80 Kazakhstan na Lebanon, lakini Iraq na Afghanistan hawakufika 30. Dini ni ile ile, Kitabu ni kile kile. Kazakhstan imepitia miaka sabini ya shule za Kisovieti, na hilo linaeleza zaidi kuliko tafsiri yoyote ya aya.

Sasa Uturuki. Mwaka 1985 wizara ya elimu ilichukua maandiko ya taasisi ya uumbaji ya Kikristo huko Marekani, ikayatafsiri na kuyatumia katika elimu ya sekondari. Ndiyo, maandiko ya walokole wa California kwa watoto wa Kiislamu wa Anatolia. Baadaye akatokea Adnan Oktar, anayejiita Harun Yahya, ambaye kati ya 2006 na 2007 alituma kitabu kikubwa chenye picha za kuvutia kwa shule na wanasayansi wa Ulaya na Marekani bila wao kukiomba. Alipinga mageuko, lakini umri mkubwa wa dunia aliukubali. Wanaonionyesha video zake kwenye simu huwa hawajui kwamba mwaka 2022 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka elfu nane kwa makosa ya jinai yasiyohusiana na uumbaji.

Mwaka 2017 serikali ya Uturuki ikatangaza kuondoa sura ya mageuko katika Baiolojia ya sekondari, kwa maelezo kwamba wanafunzi bado hawajafikia kiwango cha kuielewa. Chuo kikuu inafundishwa. Kwa hiyo "wamemfuta" ni kweli nusu.

Kuna pia wanaoniambia Al-Jahiz wa Basra aligundua mageuko miaka elfu moja kabla ya Darwin. Al-Jahiz, aliyefariki karibu mwaka 868, aliandika vizuri sana juu ya wanyama wanavyowindana na kung'ang'ania kuishi. Kumvisha joho la Darwin ni kumzidishia.

India, China, Japani, Korea?

China na Japani halijawahi kuwa jambo la kugombaniwa. China ilimpokea Darwin mwishoni mwa karne ya 19 kupitia tafsiri ya Yan Fu ya mwaka 1898, na wasomi wake waliyasoma mageuko kama somo la taifa kunusurika mbele ya mabeberu.

India kuna jipya. Mwaka 2018 naibu waziri Satyapal Singh alisema nadharia ya Darwin ni makosa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona nyani akigeuka mtu. Wanasayansi wakamjia juu, na waziri wake akamwambia anyamaze. Mwaka 2023 sura ya mageuko ikaondolewa kwenye kitabu cha darasa la kumi, na wanasayansi na walimu zaidi ya 1,800 wakasaini kupinga. Korea Kusini, ambako Ukristo una nguvu, mwaka 2012 kikundi kimoja kiliwashawishi wachapishaji waondoe mifano ya ndege wa kale na farasi kwenye vitabu vya shule. Jopo la wataalamu likaingilia kati.

Ni kweli Wakenya waliwahi kugombania mifupa?

Ni kweli, na ilikuwa jirani kabisa. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafutaji hodari wa visukuku (mabaki ya kale ya viumbe yaliyogeuka mawe), alipata karibu na Ziwa Turkana mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita, mifupa karibu kamili. Mwaka 2006 Makumbusho ya Taifa ya Nairobi ilipokuwa ikikarabatiwa, viongozi wa makanisa ya kiinjili, Askofu Boniface Adoyo akiwa mbele, walitaka mifupa ile isipewe nafasi ya heshima. Iwekwe nyuma, na tangazo kwamba mageuko ni nadharia moja tu kati ya kadhaa. Richard Leakey, mtafiti Mkenya wa visukuku, alijibu kwa ukali wake wa kawaida. Makumbusho ilifunguliwa tena mwaka 2008 na kijana wa Turkana yupo.

Afrika Kusini je? Nasikia walisema wametukanwa.

Hili swali huwa silijibu kwa haraka.

Wakati wa ubaguzi, shule za Afrika Kusini ziliendeshwa kwa falsafa ya elimu ya Kikristo ya Makaburu, na mageuko hayakuwemo katika mtaala. Yaliingia darasa la kumi na mbili mwaka 2008. Septemba 2015 wanasayansi wakatangaza Homo naledi, jamaa wa kale wa binadamu, kwa visukuku vilivyotolewa ndani ya pango karibu na Johannesburg. Nchi nyingine ingesherehekea. Pale, Zwelinzima Vavi, kiongozi mkongwe wa vyama vya wafanyakazi, aliandika mtandaoni kwamba yeye si mjukuu wa nyani, na viongozi wa dini na wanasiasa wakamwunga mkono.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini mtu mweusi aliyeitwa nyani na bosi wake maisha yake yote, ukimwambia "asili yako iko kwenye pango hili", hasikii jiolojia. Mwaka 1906 bustani ya wanyama ya Bronx huko New York ilimweka Ota Benga, kijana wa Kongo, ndani ya nyumba ya nyani ili watazamwe pamoja. Waliopinga mpaka akatolewa ni wachungaji weusi wa Kibaptisti, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba maonyesho yale yalikuwa tangazo la nadharia ya Darwin. Mpaka leo kuna viwanja vya mpira Ulaya ambako mchezaji mweusi anarushiwa ndizi. Kwa hiyo Mwafrika anapokataa mageuko, mara nyingine anakataa tusi, na Kitabu cha Mwanzo kinamsaidia tu kulikataa. Mwalimu asiyelijua hilo atafundisha miaka thelathini bila kueleweka.

Na upande mwingine wa historia hiyo hiyo: miaka ya 1860 huko Natal, askofu Mwingereza John Colenso alikuwa akitafsiri Biblia kwa Kizulu na msaidizi wake William Ngidi. Ngidi akamwuliza kama kweli anaamini kwamba wanyama wote wa dunia waliingia safinani wawili wawili. Askofu akashindwa kusema ndiyo. Akaandika vitabu kuonyesha kwamba hesabu za Agano la Kale haziwezi kuchukuliwa neno kwa neno, na kanisa likamshtaki kwa uzushi. Swali lililoitikisa Uingereza liliulizwa na Mzulu.

Mbona Tanzania hatugombani? Si sisi tuna dini kuliko wote hao?

Dini tunayo, hilo halina ubishi. Pita Mbagala usiku wa Ijumaa, uhesabu vipaza sauti.

Jibu langu ni kwamba kelele haziko palipo na imani nyingi. Ziko pale ambapo mtu wa kawaida ana mlango wa kuingilia mtaala. Sisi hatuna mlango huo. Azimio la Arusha lilipopita, serikali ilichukua shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969, na tangu hapo muhtasari unatoka mahali pamoja, mtihani unatungwa mahali pamoja, serikali haina dini. Mchungaji wa Kimara hawezi kugombea bodi ya kubadili kitabu, maana bodi hiyo haipo. Na shule ile ile inampa kipindi cha dini: saa nne asubuhi watoto wako kwa shehe na kwa katekista, saa tano wako kwangu. Kila mmoja ana saa yake, hakuna anayemfukuza mwenzake. Hata mihadhara ile ya viwanjani, Waislamu na Wakristo walipokuwa wakipambana kwa aya, walibishania Yesu ni nani. Darwin hakuwahi kupewa hata kiti.

Kuna sababu ya pili ambayo haisemwi. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza. Mtoto anasoma mageuko kwa lugha ya mtihani na anasali kwa lugha ya nyumbani, na vitu hivyo viwili havikutani kichwani mwake. Nimesahihisha karatasi ya mwanafunzi aliyeeleza uteuzi asilia (wanaofaa mazingira ndio wanaoishi na kuzaa) vizuri kabisa, hoja kwa hoja, shingo ya twiga ikiwemo. Chini ya jibu, kwa Kiswahili na kwa penseli, akaandika: "Ila mimi niliumbwa." Nikampa alama zake zote. Niliyekaa naye meza moja ofisini alisema huo ndio uvumilivu wa Kitanzania. Mimi naona ni amani ya watu ambao hawajazungumza. Namwonea wivu kidogo yule Mzulu wa Colenso, maana yeye aliuliza.

Wasabato wanaruhusu watoto wao kusoma mageuko?

Wanasoma na wanafanya mtihani kama wengine, nao wapo wengi wenye alama A. Kanisa lenyewe lina msimamo thabiti: mwaka 2015, mkutano wake mkuu ulipokaa San Antonio, liliongeza maneno kwenye kanuni zake za imani kusisitiza kwamba uumbaji ni wa siku sita na ni wa karibuni. Kumbuka pia kwamba jiolojia ya gharika ilianzia kwao, kwa Price.

Kwa hiyo tumetokana na nyani au hatukutokana?

Hatukutokana na nyani unayemwona Mikumi. Yule ni binamu wa mbali. Walio karibu nasi zaidi ni sokwe, kama wale wa Gombe, na hata wao si babu zetu. Sisi na wao tunashiriki babu aliyeishi miaka kama milioni sita au saba iliyopita, ambaye hayupo tena.

Na Zinjanthropus si babu yetu pia, ingawa vitabu vingi vya shule vinampanga kwenye foleni ya mababu. Mary Leakey alimpata Oldupai tarehe 17 Julai 1959, ana umri wa miaka milioni 1.75 hivi, na ukoo wake ulikatika bila kuacha kizazi. Mtazame tu magego: mapana, bapa, ya kusaga vyakula vigumu. Utosini ana tuta la mfupa la kushikia misuli ya taya. Sisi hatuna.

Mwanangu yuko kidato cha nne na sisi nyumbani hatuamini hayo. Aandike nini?

Mzazi mwenzangu, aandike kinachoulizwa. Swali likisema "eleza nadharia ya Darwin", linapima kama anaijua nadharia, halimwombi kiapo. Nadharia ya Lamarck, Mfaransa aliyemtangulia Darwin, na ya Darwin mwenyewe, ushahidi wa visukuku na wa vinasaba: avielewe na avieleze. Asiandike mahubiri kwenye karatasi, hayana alama. Na akija na swali nyumbani usimkemee. Kama hulijui jibu mlete kwangu, au mpeleke kwa kiongozi wenu wa dini, au kwetu wote wawili.

Naweza kuona ushahidi wowote bila kutoka Dar?

Nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Botaniki. Mwulize mwongozaji habari za Zinja, halafu umwulize za nyayo za Laetoli, za watu waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita kwenye jivu la volkano. Nyayo za kwanza zilifukuliwa na timu ya Mary Leakey miaka ya 1970. Nyingine zikaonekana mwaka 2015 kwa kazi ya Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mojawapo inaonyesha mtu mrefu kuliko wote waliojulikana pale. Wanafunzi wangu wakisikia majina ya Kitanzania hapo ndipo wanapotoa daftari.

Dinosaria ndio shida. Tunaye mmoja mkubwa kupita kiasi, wa Tendaguru, Lindi, wa miaka milioni 150. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, wapagazi wetu wakabeba mifupa kichwani hadi bandarini. Huyo amesimama Berlin, kimo chake mita 13, na kumwona ni lazima ukate tiketi ya ndege.